Hesabu ya joto la dunia: Mawingu bado yawatatiza wataalamu

WATAALAMU wa tabianchi wanapotangaza kwamba joto la dunia litapanda kwa nyuzi kadhaa ifikapo mwishoni mwa karne hii, wasomaji wengi huuliza swali la haki kabisa: ikiwa utabiri wa mvua wa wiki ijayo hukosea, huo wa miaka 75 ijayo utaaminikaje?

Jibu ni kwamba kazi hizo mbili hazifanani. Mtabiri wa hali ya hewa hulifuatilia wingu la leo ili ajue kesho litakuwa wapi. Modeli ya tabianchi, yaani programu kubwa ya kompyuta iliyojengwa kwa kanuni za fizikia za hewa, bahari, barafu na ardhi, hufanya kazi inayokaribia ile ya mwenye duka anayefunga hesabu jioni. Kimeingia kiasi gani, kimetoka kiasi gani, na kilichobaki kimewekwa wapi?

Kinachoingia ni mwanga wa jua. Ukigawanywa sawasawa juu ya uso wote wa dunia, usiku na mchana, kila mita ya mraba hupata wastani wa wati 340. Takribani 100 kati ya hizo hurudishwa anga za juu na mawingu, barafu, mchanga wa majangwa na chembechembe zielezo hewani. Wati 240 hivi zinazosalia humezwa na dunia, nayo huzitoa tena kwa njia ya miale ya joto isiyoonekana kwa macho. Laiti miale hiyo ingetoka bila kizuizi, wastani wa joto la dunia ungekuwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Wastani halisi ni kama nyuzi 15 juu ya sifuri, kwa kuwa mvuke wa maji, hewa ya ukaa na gesi nyingine chache huizuia sehemu ya miale hiyo.

Mwaka 1967, Syukuro Manabe na Richard Wetherald walichapisha hesabu ya nguzo moja tu ya hewa, tangu ardhini hadi juu kabisa. Waliona kwamba hewa ya ukaa ikiongezeka maradufu, joto hupanda kwa zaidi ya nyuzi 2. Kompyuta yao ilikuwa dhaifu kuliko simu ya mkononi ya leo, lakini matokeo hayo hayajapinduliwa. Manabe alitunukiwa Nobeli ya Fizikia mwaka 2021.

Modeli za sasa huigawanya dunia katika masanduku, mengi yakiwa na upande wa kilometa 100 hivi, na kukokotoa joto, upepo na unyevu wa kila moja. Dar es Salaam na mji wa Zanzibar zinaweza kuangukia sanduku moja. Ndani yake wingu moja moja halionekani, hivyo wataalamu huweka kanuni za makadirio, kisha hurekebisha baadhi ya tarakimu hadi mizania ilingane na vipimo vya setilaiti.

Je, huko si kupika hesabu? Shaka hiyo ina msingi, na haiondolewi kwa maneno bali kwa jaribio ambalo majibu yake hayakujulikana kabla. Jaribio hilo lilikuja Juni 1991, volkano ya Pinatubo ya Ufilipino ilipolipuka na kutapika mamilioni ya tani za gesi ya salfa, ambayo iligeuka ukungu mwembamba wa kurudisha mwanga wa jua. Mapema mwaka 1992 kundi la James Hansen wa NASA lilichapisha utabiri kwamba dunia ingepoa kwa takribani nusu nyuzi, kisha joto lirudi baada ya miaka michache. Ndivyo ilivyokuwa.

Mawingu, hata hivyo, hayajatulia. Ya chini na manene huakisi jua na kupoza, ilhali mepesi ya juu huzuia joto lisitoke. Ndiyo sababu kubwa ya ripoti ya IPCC ya mwaka 2021 kutaja makisio ya nyuzi 2.5 hadi 4 kwa ongezeko maradufu la hewa ya ukaa, badala ya tarakimu moja. Isitoshe, vipimo vya setilaiti na vya maboya ya baharini vimeonyesha kwamba ziada ya joto inayobaki duniani iliongezeka karibu maradufu kati ya 2005 na 2019. Takribani asilimia 90 ya ziada hiyo huingia baharini.

Kwetu Afrika Mashariki tatizo lina sura nyingine. Modeli nyingi husema mvua za masika zitaongezeka kadiri dunia inavyopata joto, ilhali tangu miaka ya 1980 hadi karibu 2010 masika yalipungua. Wataalamu wenyewe hukiita kitendawili. Mizania ya dunia nzima ikisimama sawa, bado haielezi mvua itanyesha upande gani wa mlima. Na katika sanduku la kilometa 100, hata Kilimanjaro husawazishwa kuwa kilima. Mhandisi anayechora daraja la Msimbazi, basi, anaweza kuyachukua makadirio ya joto kwa imani kubwa, lakini ya mvua itambidi ayaachie nafasi pana ya makosa.