Mbegu Ikishakunywa Maji Hairudi Nyuma

Msimu uliopita bibi mmoja, jirani yangu, alikosana na mwenye duka kwa ajili ya mahindi. Alinunua kilo mbili za mbegu, akazipanda zote siku ya pili ya mvua za mwaka. Mvua ikakatika. Jua likawaka siku kumi na mbili, na shamba likabaki tupu, hapana hata jani.

"Kaniuzia mbegu mfu," akaniambia. "Nawe mwanangu ni mwandishi, mtie gazetini."

Kabla ya kumtia mtu gazetini, nilimwomba bibi punje zilizosalia mfukoni. Tukahesabu kumi, tukazifunga katika kitambaa kilicholowa, tukakiweka kivulini. Siku ya tano tulipokifungua, tisa zilikuwa zimetoa mizizi. Kisha tukaenda shambani, tukafukua kwa vidole. Kila shimo lilikuwa na punje iliyopasuka, na kimzizi kilichonyauka mfano wa uzi.

Basi mbegu zilitoka dukani zi hai. Zilikufa njiani, baina ya kuamka na kusimama.

Jambo hili lina ajabu yake. Punje ya mahindi iliyokaushwa vyema ina maji kiasi cha sehemu 13 tu katika 100, na ukavu huo ndio ngao yake. Ndani mna sukari na protini maalumu zinazozishikilia chembe zake zisiharibike maji yanapoondoka. Hata kokwa ya tende iliyochimbuliwa katika ngome ya Masada, karibu na Bahari ya Chumvi, ilimea mwaka 2005 baada ya kulala yapata miaka 2,000. Ukavu wa jangwa ndio ulioihifadhi.

Ama punje ya mahindi ikipata maji, huyanywa hata yakafikia yapata thuluthi moja ya uzito wake. Saa za mwanzo ingali na hiari: ikikauka taratibu hurudi kulala, na ikinyeshewa huamka tena. Lakini kimzizi kikishachomoza, chembe zake zikaanza kurefuka na kugawanyika, ile kinga ya mwanzo hupotea. Chembe hizo changa zimejaa maji, na maji yakizitoka, ngozi zake huraruka. Ncha ya mzizi ndiyo hutangulia kufa, na aghalabu mche wote huifuata.

Si kila mbegu iliyopewa usingizi huo. Kokwa ya embe ikikauka imekufa, ndiyo sababu huatikwa ingali mbichi. Na mkoko wetu wa mwambao umejitenga kabisa na hatari hiyo: mbegu yake huchipua ingali imening'inia juu ya mti, ikaanguka matopeni tayari ni mche.

Mkulima afanye nini, basi? Asidanganywe na mvua ya kwanza kwa kuona vumbi limelala. Afukue, na akiona unyevu umeshuka shubiri nzima, hapo apande. Akitaka kuloweka mbegu, isiwe ile iliyotiwa dawa, na iwe kwa usiku mmoja tu. Asubuhi aianike kivulini hadi isigande mikononi, kisha aipande siku ile ile, kabla kimzizi hakijaonekana. Wala asimalize mbegu zote kwa siku moja. Abakishe za kurudishia, kwani mawingu hayaweki ahadi na mtu.

Bibi alinisikiliza hadi mwisho, akanyamaza. Mvua iliporudi alikwenda duka lile lile, akanunua kilo moja. Kabla ya kulipa, alimtaka radhi mwenye duka.

"Mbegu zako zilikuwa nzima," akamwambia. "Mimi ndiye niliyeziamsha, nisiwe na maji ya kuzinywesha."