Ukarani wa Maradhi: Wazee Wetu na Miadi ya Hospitali Uingereza

Katika nyumba nyingi za Waswahili waliohamia Uingereza, hususa wale waliofika wakiwa watu wazima na ambao sasa wamepindukia miaka 70, siku hazipangwi tena kwa kazi wala kwa harusi wala kwa safari, bali kwa barua za hospitali: leo bwana atakwenda kutolewa damu, Jumatano bibi atakwenda kutazamwa macho, na wiki ya pili yake wote wawili wana miadi asubuhi moja katika majengo mawili yaliyo mbalimbali. Watoto wakiyaona hayo husema ama kwamba wazee wamezidi kuugua, ama kwamba matabibu wa huku wanapenda kumzungusha mtu. Sikubaliani na kauli hizo mbili. Asili ya taabu hii ni kongwe, nayo imo katika namna huduma yenyewe ilivyoundwa, na asiyeijua asili hiyo hujitahidi kuwasaidia wazazi wake pasipo na haja, akapaacha palipo na haja.

Huduma ya Taifa ya Afya, ambayo sote huiita NHS, ilianza tarehe 5 Julai 1948, na waziri aliyeiasisi ni Aneurin Bevan, mtu wa Wales ambaye ujanani mwake alifanya kazi katika machimbo ya makaa ya mawe. Kabla ya hapo sheria ya bima ya mwaka 1911 ilikuwa imemhakikishia mfanyakazi daktari, lakini mkewe na wanawe hawakuwamo, hata mama wa nyumba akipatwa na maradhi ilimpasa ama alipe ama astahimili. Bevan aliuondoa mpaka huo, na kwa hilo astahili kushukuriwa na kila mgeni aliyepata kutibiwa katika nchi hii bila ya kuulizwa fedha mlangoni. Ila ili afaulu ilimlazimu kukubaliana na watu wengi wenye nguvu. Madaktari wa mitaani walikataa kuwa watumishi wa serikali, wakabaki na shughuli zao wenyewe kwa mkataba. Hospitali zikatwaliwa na serikali. Na wakunga, wauguzi wa majumbani na magari ya wagonjwa wakaachiwa halmashauri za miji, nao hawakuhamishwa huko mpaka mwaka 1974. Tena siku ileile ya 5 Julai sheria nyingine, ya Msaada wa Taifa, ilianza kutumika, ikazikabidhi halmashauri matunzo ya wazee wasiojiweza. Na katika matunzo hayo, kinyume cha tiba, mtu huulizwa kwanza ana mali gani.

Basi huduma ile ilizaliwa ikiwa na mikono kadhaa isiyoshikana, na ijapokuwa mageuzi yamepita mengi, bado haijashikana sawasawa. Daktari wa mtaa, yule tunayemwita jipii, ndiye bawabu: pasipo barua yake aghalabu humwoni bingwa. Bingwa naye ni wa kiungo kimoja. Wa moyo haulizwi habari ya goti, na wa figo hana amri juu ya macho. Mwaka 2002 serikali ilianzisha mradi mkubwa wa kompyuta ili kumbukumbu za mgonjwa zisomeke popote aendapo, na mwaka 2011 ikatangaza kuuvunja kabla haujatimiza makusudio yake. Katika nafasi zilizobaki wazi baina ya idara na idara, anayebeba habari kutoka huku kwenda kule ni mgonjwa mwenyewe. Yeye ndiye karani wa maradhi yake. Kijana aliyesoma huku huifanya kazi hiyo kwa simu yake akiwa ndani ya basi. Mzee mwenye umri wa miaka 78, ambaye Kiingereza chake ni cha dukani na ambaye macho yake yameanza kuingia kiwi, huifanya kwa msaada wa mkewe, naye mkewe ni mgonjwa vilevile.

Namjua mzee mmoja wa namna hiyo, ni ami yangu, anayekaa katika mji ulio katikati ya Uingereza pamoja na mkewe, ambaye sisi sote humwita Bi Mkubwa. Ami ana kisukari, na moyo wake hupiga pasipo mpango, kwa hiyo amepewa warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande. Wagonjwa wengi siku hizi hupewa dawa mpya zisizohitaji kupimwa damu kila mara, ila yeye tabibu wake ameona imfae hii ya zamani. Dawa hii huja na kitabu cha njano, na ndani yake huandikwa tarehe, kipimo cha damu, ambacho kwa wengi wenye maradhi hayo hutakiwa kiwe baina ya 2 na 3, na kiasi cha dawa ya kumeza mpaka kipimo kijacho. Bi Mkubwa hasomi Kiingereza, lakini vidonge anavijua kwa rangi zake: cha kahawia ni miligramu 1, cha buluu ni 3, cha waridi ni 5. Kila Ijumaa baada ya Adhuhuri hutandika kitambaa juu ya meza, akavipanga katika kisanduku chenye vyumba vya siku saba, akimtaka ami amsomee tarakimu mara mbili, na akisha huzihakikisha yeye mwenyewe kwa kuhesabu kwa vidole. Sijapata kuona mfamasia aliye mwangalifu kuliko yeye.

Hata hivyo palitokea shida, na sababu yake ilikuwa mchicha. Muuguzi alimweleza ami, kwa Kiingereza cha haraka, kwamba mboga za majani zina vitamini K inayopingana na dawa ile. Ami akafika nyumbani na nusu ya maneno, na Bi Mkubwa, kwa mapenzi yake, akaondoa mchicha, kisamvu na sukuma wiki katika chungu siku hiyohiyo. Damu ikawa nyepesi kupita kiasi, dawa ikapunguzwa. Baada ya muda akaona mumewe hali vizuri, akamrudishia mboga, na kipimo kikaanguka, dawa ikaongezwa. Ami akawa kila siku chache yumo njiani kwenda kupimwa, naye alipoulizwa kama amebadili chakula akajibu la, kwa kuwa kwake mboga si jambo la kuhesabiwa. Nasaha ya matabibu haikuwa kuacha mboga kabisa. Ilikuwa kula kiasi kilekile kila wiki. Neno hilo moja, lau lingalisemwa kwa Kiswahili, lingaliwaepushia safari nyingi.

Na safari zenyewe si haba. Katika miji iliyo nje ya London kadi ya basi ya bure ya wazee hukubaliwa siku za kazi kuanzia saa tatu na nusu asubuhi, na baadhi ya halmashauri huruhusu mapema zaidi. Penye mashariti hayo, mwenye miadi ya saa tatu hulipa nauli. Akichelewa au asipofika, hospitali yaweza kumwondoa katika orodha na kumrudisha kwa jipii, akaanza upya.

Mwezi wa Ramadhani nao huja na hesabu yake. Mgonjwa ameruhusiwa kula, na fidia ipo, hilo linajulikana na kila mtu. Lakini mzee aliyefunga tangu utotoni kumwambia ale mchana ni jambo zito, na katika miaka ambayo Ramadhani iliangukia Juni kufunga huku kulipita saa 18. Dawa za kisukari zinazomezwa pamoja na chakula yapasa zipangwe upya baina ya futari na daku, na anayetumia dawa za kushusha sukari kwa nguvu yumo hatarini zaidi. Mazungumzo hayo na tabibu yafanywe kabla ya Shaabani kwisha, tena yafanywe waziwazi, kwani wapo wazee wanaofunga kwa siri wasigombezwe, na siri hiyo hakuna kitabu kinachoiandika.

Habari ya lugha yanisikitisha kuliko zote. Mgonjwa asiyejua Kiingereza anastahili mkalimani bila malipo, nasi tunazidi kumtuma mjukuu wa miaka 12 aache masomo aende kumfasiria babu yake habari za kibofu. Babu kwa haya hasemi yote, na mtoto kwa haya hafasiri yote. Ombi la mkalimani litolewe siku miadi inapopangwa, na lugha ya mgonjwa iandikwe katika kumbukumbu za jipii, ili isiwe kila mara ni kuomba upya. Kadhalika, aliyefika umri wa pensheni na anayehitaji kuangaliwa mchana au usiku kwa muda mrefu aweza kudai posho iitwayo Attendance Allowance, ambayo haitazami akiba yake. Ila wenye viza inayowazuia kupokea fedha za umma watake kwanza ushauri wa mwanasheria wa uhamiaji, kwani kudai wasichoruhusiwa kwaweza kuwadhuru.

Yapo mambo ya Bi Mkubwa mwenyewe ambayo sikuyajua mpaka nilipoketi naye tukazipanga barua. Za ami zilikuwa katika bahasha moja kwa taratibu. Zake alikuwa amezitia chini ya Msahafu, na miadi yake ya magoti alikuwa ameiahirisha, akaiahirisha tena, kwa sababu iligongana na ya mumewe. “Mwanangu,” aliniambia, “mimi nikienda, yeye nani atampa dawa?” Sheria ya Matunzo ya mwaka 2014 inampa mlezi haki ya kutathminiwa na halmashauri kwa ajili yake yeye, hata ikiwa anayemlea hataki msaada wowote. Tulipiga simu asubuhi ileile, tukaomba tathmini ya mlezi kwa jina lake, na mkalimani wa Kiswahili, mwanamke, kama alivyotaka.