Ligi zikipangwa upya, nani analipa safari?

Mama mwenye mtoto katika ekipe ya kartie anaijua hesabu ya mpira vizuri kuliko prezida wa klabu. Anajua bei ya viatu sokoni, sabuni inayokwisha kwa kufua mayo, na sahani ya bugali inayoongezeka jioni kijana akirudi kutoka mazoezini. Hesabu moja tu inamfikia kwa kuchelewa: safari. Hiyo haipangwi jikoni kwake. Inapangwa ofisini, siku wakubwa wa ligi wanapokaa na kuamua ekipe gani itaingia divizio gani, itacheza na nani, na katika mji gani.

Ndiyo maana habari ya kupanga ligi upya si ya wanaume peke yao. Ekipe ikihamishwa kutoka kundi moja kwenda lingine, ratiba ya nyumba inahama pamoja nayo. Juma hili tueleze jambo hili taratibu, ili mama akienda kwenye mkutano wa klabu ajue aulize nini.

Ngazi za mpira wetu

Ekipe ya kartie inaanza katika antante, yaani umoja wa klabu za mji au za teritware. Wa Lubumbashi wanaiita EUFLU, wa Bukavu EUFBUK. Ndani ya antante kuna divizio, na klabu inapanda au kushuka kufuatana na pointi. Juu ya antante kuna ligi ya jimbo. Juu ya hapo kuna Ligi 2 ya taifa, na kileleni Linafoot, iliyoanzishwa mwaka 1990, ambamo Mazembe, Lupopo, Vita Club na wenzao wanagombea ubingwa. Zote ziko chini ya FECOFA.

Majina ya ligi za majimbo kama LIFKAT ya Katanga yalizaliwa wakati nchi ilikuwa na majimbo 11. Mwaka 2015 majimbo yakawa 26. Kivu Kaskazini na Kivu Kusini zilibaki kama zilivyokuwa, lakini Katanga iligawanyika mara nne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Ramani ya nchi inapobadilika hivyo, swali la kandanda linakuja lenyewe: je, ekipe ziendelee kukutana kwa ramani ya zamani, au kila jimbo jipya liwe na ligi yake?

Swali hilo linaonekana dogo mpaka utazame Kalemie. Kwa ramani ya zamani, Kalemie ni Katanga, na mji mkubwa wa Katanga ni Lubumbashi. Lakini ukipima kwa mstari ulionyooka, Kalemie na Lubumbashi zimeachana kwa zaidi ya kilomita 600, na barabara haiendi kwa mstari ulionyooka. Uvira, ambayo ni ya Kivu Kusini, iko karibu zaidi, chini ya kilomita 300 ukifuata ziwa. Basi ekipe ya Kalemie icheze na nani? Na wenzake wa jimbo la zamani, au na majirani wa ziwa? Sheria inaangalia mpaka wa jimbo. Mama anaangalia mtoto atalala wapi usiku huo.

Hesabu ya mechi na ya kilomita

Tuchukue mfano. Divizio moja ina ekipe 16, na kila ekipe inakutana na nyingine mara mbili, nyumbani na ugenini. Hiyo ni mechi 30, na safari 15. Sasa wakubwa waigawe divizio hiyo katika makundi mawili ya ekipe 8, kwa kufuata ukaribu. Kila ekipe itacheza mechi 14, na safari zitakuwa 7. Tuseme safari moja, pamoja na gari, chakula na mahali pa kulala, inakula dola 300. Safari 15 ni dola 4500. Safari 7 ni dola 2100. Tofauti ya dola 2400, kwa klabu inayoishi kwa michango ya wazazi na falanga za mlangoni, ndiyo tofauti kati ya kumaliza msimu na kufa katikati.

Lakini makundi madogo nayo yana gharama yake. Mechi zikipungua, mapato ya uwanjani yanapungua, na mama anayeuza maji, mandazi na karanga pembeni ya uwanja anapoteza siku za soko. Ekipe inayoshindwa mapema inakaa miezi bila mchezo, na vijana wanabaki barabarani. Kundi moja linaweza kukusanya ekipe kali zote, na lingine dhaifu zote. Na mwishoni lazima washindi wa makundi wakutane. Hapo safari ndefu zinarudi, na zinakuja zote pamoja, pengine wakati wa mitihani.

Tatizo hili haliko kwa wadogo tu. Linafoot yenyewe imepitia njia zote mbili. Kwa miaka mingi ilichezwa kwa zoni, yaani Mashariki, Magharibi na Katikati-Kusini, kisha wachache wa kila zoni wakakutana mwishoni. Baadaye ikajaribiwa kundi moja la nchi nzima, kila ekipe ikimtembelea kila mwenzake. Nchi yetu ni kubwa: kutoka Kinshasa hadi Lubumbashi ni kilomita 1500 na zaidi hata kwa ndege. Msimu wa 2022-2023 haukumalizika. Msimu uliofuata, 2023-2024, Linafoot ilirudi kwenye makundi mawili na mchuano wa mwisho, Mazembe ikatwaa ubingwa. Ikiwa klabu zenye majina makubwa zinalemewa na njia, ekipe ya kartie ifanye nini?

Wengine walikutana na swali hili zamani. Uingereza ni nchi ndogo yenye reli nyingi, lakini tangu 1921 divizio yake ya tatu ilikuwa mbili, moja ya Kaskazini na nyingine ya Kusini, kwa kusudi la kupunguza safari. Iliendelea hivyo mpaka 1958, zilipoungwa na kupangwa upya kuwa divizio ya tatu na ya nne. Na mpaka leo, katika ngazi za chini huko, klabu iliyo karibu na mpaka wa ligi mbili inaweza kuhamishwa kutoka moja kwenda nyingine bila kupanda wala kushuka, kwa ajili ya kilomita tu. Si aibu, ni mpangilio.

Njia ambazo klabu huhama ligi

Hapo tufahamu jambo moja. Klabu ikibadili ligi, tuulize imebadilije, kwa sababu njia ziko mbalimbali.

Ya kwanza ni ya pointi: imeshinda ikapanda, au imeshindwa ikashuka. Hii ni ya haki, lakini kupanda nako kuna bei. Klabu nyingi zinasherehekea kupanda, halafu mwaka unaofuata zinakosa mechi kwa kukosa gari, zinapigwa forfe, na zinarudi chini na madeni.

Ya pili ni ya ramani: ligi imegawanywa upya, na klabu imewekwa kundi lingine. Haikushinda wala kushindwa. Hapa wazazi wana haki ya kuelezwa mapema.

Ya tatu ni ya dharura. Vita vinahamisha watu, na vinahamisha ekipe pia. Klabu mbili kubwa za Sudani, Al-Hilal na Al-Merrikh, zilicheza katika shampiona ya Mauritania msimu wa 2024-2025, mbali kabisa na nyumbani, kwa sababu ya vita kwao. Sisi wa mashariki ya Congo hatuhitaji kuelezwa maana yake.

Ya nne ni ya mlango wa nyuma. Mtu mwenye makuta ananunua nafasi ya klabu nyingine, anabadili jina, anahamisha makao, na ekipe iliyokuwa divizio ya chini inaonekana juu bila jasho. Sheria za FIFA zinasema nafasi ya klabu katika shampiona itokane hasa na matokeo ya uwanjani, na zinakataza kubadili jina, makao au umiliki ili kuruka ngazi. Mama akisikia kwamba klabu ya mwanawe "imepata nafasi" bila kucheza, aulize: nafasi ya nani, na watoto wa klabu ile nyingine wamekwenda wapi?

Karatasi za mtoto zisipotee njiani

Klabu zinapoungana, kubadili jina au kufa, kitu cha kwanza kupotea ni karatasi. Lisansi inabaki kwenye sanduku la sekretere wa zamani, na mtoto anaonekana kama hakuwahi kucheza popote. Hilo lina hasara mbili.

Hasara ya kwanza ni ya karibu: msimu mpya unaanza, ekipe mpya inaomba uthibitisho kwamba klabu ya zamani imemwachia, na hakuna wa kuuandika.

Ya pili ni ya mbali, lakini ni kubwa. FIFA imeweka malipo kwa klabu zilizomlea mchezaji. Miaka inayohesabiwa kwa malezi inaanzia 12 hadi 21. Na mchezaji anapouzwa kabla mkataba wake haujaisha, kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya bei inatengwa kwa klabu zote zilizomfundisha tangu miaka 12 mpaka 23. Falanga hizo haziendi mfukoni mwa mzazi, zinakwenda kwa klabu. Lakini klabu ndogo ya kartie ikiweza kuonyesha kwa maandishi kwamba mtoto alicheza kwake akiwa na miaka 13, inaweza kupata sehemu yake, na kwa sehemu hiyo ikanunua mipira na kulipia gari kwa wadogo wanaofuata. Bila maandishi, haipati kitu.

Kwa hiyo, mama, weka kopi tatu nyumbani: akti ya kuzaliwa, lisansi ya kila msimu, na karatasi yenye jina la klabu, mwaka, na saini ya sekretere. Umri uwe ule wa kweli. Umri wa uongo unaofurahisha klabu leo unaweza kumfungia mtoto mlango kesho.

Neno moja la kuonya. Wakati klabu zinahama na watoto hawajui watacheza wapi, ni rahisi mtu kuja na ahadi ya kumpeleka kijana nje ya nchi. Sheria ya FIFA inakataza mchezaji chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa katika hali chache zilizoandikwa, kama wazazi wenyewe kuhamia huko kwa sababu zisizohusu mpira. Anayekuomba mtoto wa miaka 15 pamoja na dola za paspoti, mpeleke kwanza kwenye antante, mbele ya watu.

Wasichana wasiwekwe mwisho wa ukurasa

Mwaka 2024 ekipe ya wanawake ya TP Mazembe ilitwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika kwa wanawake. Wasichana wengi wanataka kucheza tangu hapo, na ni furaha. Lakini ekipe za wasichana ni chache kuliko za wavulana, na hiyo inamaanisha mpinzani wa karibu yuko mbali zaidi. Ligi ikipangwa upya kwa kuwafikiria wavulana tu, msichana ndiye anayesafiri mbali zaidi na kurudi usiku zaidi. Tudai mechi za wasichana zipangwe siku moja na uwanja mmoja na za wavulana pale inapowezekana, ili gari liwe moja. Na katika kila safari ya wasichana awepo mama mmoja mtu mzima, aliyechaguliwa na wazazi.

Maswali ya kupeleka kwenye mkutano

Kabla msimu haujaanza, kikundi cha wamama kinaweza kumpelekea prezida wa klabu maswali haya matano, kwa heshima na kwa maandishi:

1. Tuko divizio gani na kundi gani, na ni nani aliyeamua?
2. Safari ni ngapi, na ngapi kati yake ni za kulala nje?
3. Gari ni la nani, linaondoka saa ngapi, na nani anahesabu watoto wakipanda na wakishuka?
4. Tarehe za mechi za mwisho zinagongana na mitihani?
5. Mchango wa mzazi ni kiasi gani, na ekipe ikikosa safari falanga zinarudishwa?

Majibu yakija, yasomwe mbele ya wazazi wote. Vikundi vyenye likelemba vinaweza kupanga mapema kapo dogo la safari, kila mama akiweka kidogo kila juma, badala ya kukimbilia deni usiku wa kuamkia siku ya posho. Na ikiwa hesabu inaonyesha kwamba klabu haitaweza njia hiyo, ni afadhali kuomba kundi la karibu mapema kuliko kupigwa forfe baadaye. Kuomba hivyo si kuogopa mchezo. Ni kutaka mtoto acheze mpaka mechi ya mwisho, na arudi nyumbani akiwa mzima.