Picha za Wageni Harusini: Pesa Yako Uiweke Wapi?

Bajeti ya kamati ikisomwa, suala la picha hupewa mstari mmoja tu: "picha mnato na video". Kiasi kinatajwa, wajumbe wanaitikia, mnahamia kwenye chakula. Hapo ndipo wageni wanaposahaulika. Mpiga picha mmoja aliyelipwa kuwafuata maharusi atawafuata maharusi: saluni, kanisani, ufukweni wanakopozi wakati wageni wameshajaa ukumbini, kisha meza kuu, keki na shampeni. Mama mkubwa aliyekuja kwa basi kutoka Songea ataonekana kwenye albamu mara moja, kwa mgongo, akiwa kwenye foleni ya kutoa zawadi.

Mimi nawatetea wageni. Ndio waliochanga, ndio waliopiga vigelegele, na albamu ikifunguliwa baada ya miaka mingi ndio wanaotafutwa: babu alipokuwa bado anatembea bila fimbo, binamu wawili waliokuja kugombana baadaye wakicheza pamoja, watoto ambao sasa wana watoto wao. Picha hizo za kushtukiza, ambazo mtu hajajiandaa wala hajapozi, zinahitaji bajeti yake.

Tuchukue ukumbi wa Dar es Salaam wenye wageni 300, na kifurushi kikuu cha shilingi 1,500,000. Bei zote za hapa ni za kufanyia hesabu. Weka mahali pake zile ulizotajiwa wewe, na ulinganishe kwa njia hiyohiyo.

Kama pesa ya ziada inatosha kitu kimoja tu, mchukue mpiga picha wa pili wa kushughulikia wageni peke yao. Akidai 400,000 na akakuletea picha 600 zinazofaa, kila picha imekugharimu chini ya shilingi 700. Hakuna chaguo jingine la kulipia litakalokufikisha kwenye bei hiyo kwa ubora huo. Lakini uliza maswali kabla ya kutoa advansi, kwa sababu kwenye vifurushi vingi "wapiga picha wawili" maana yake ni mmoja mwenye kamera na kijana wa kumshikia taa. Huyo wa pili ana kamera yake mwenyewe? Lenzi yake inafungua hadi f/2.8, au walau ana ile ndogo ya milimita 50 ya f/1.8, ambayo si ghali na inafanya kazi vizuri penye mwanga hafifu? Mwambie akuonyeshe picha za wageni za harusi moja, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Zile ishirini bora alizokusanya kutoka harusi kumi usizihesabu.

Ukizitazama, angalia rangi za nyuso. Kumbi zetu hupambwa vitambaa hadi darini, na mpiga picha aliyezoea kuelekeza flashi juu ili mwanga urudi kwa upole atarudishiwa rangi ya kitambaa. Dari la zambarau linazaa mashangazi wa zambarau. Aliye makini hufika mapema, hupiga picha chache za majaribio kabla ya wageni, kisha huamua atumie flashi vipi. Angalia pia nyuso nyeusi zilizo karibu na shela jeupe: kamera ikidanganywa na weupe wa shela, sura za watu huzama gizani. Na muulize anafanyaje taa kubwa ya video inapofika mezani. Ikishawaka usoni, watu hukunja macho, huweka vijiko chini, hukaa sawasawa. Picha ya kushtukiza imekwisha. Mzoefu atakwambia kwamba yeye huwa upande wa ukumbi ulio mbali na taa hiyo.

Sasa vifaa vya kisasa. Kamera za Instax za Fujifilm zinapendwa kwa sababu picha hutoka hapohapo na mgeni huibandika kwenye kitabu na kuandika salamu zake. Ni jambo zuri sana kwa shughuli ndogo. Tatizo ni filamu: kila kasha lina picha 10, na picha yenyewe katika saizi ya Mini ni milimita 62 kwa 46, kama ya kitambulisho kikubwa. Ukinunua picha 20 kwa shilingi 60,000, kila moja ni 3,000. Kuwapiga wageni wote 300 mmojammoja ni 900,000, zaidi ya mara mbili ya mpiga picha wa pili, na zilizoharibika bado umezilipia. Kwa send-off ya watu 60 ningeichukua. Kwa ukumbi mzima, hapana.

Kamera za kutumia mara moja, zinazowekwa kila meza, sizishauri kabisa. Ile ya Kodak FunSaver ina picha 27, na flashi yake inafika kama mita 3 na nusu tu. Mgeni asiyejua atapiga meza kuu akiwa kwenye kiti chake, na atapata giza. Meza kumi ni kamera kumi, na baada ya hapo unaanza kumtafuta wa kusafisha filamu za rangi. Mpate huyo kwanza, ujue bei yake, ndipo uzungumzie kununua.

Kibanda cha picha na jukwaa la video linalozunguka huchangamsha watu, lakini kinachotoka pale ni pozi tupu, tena za vijana walewale mara nyingi. Wazee hawapangi foleni. Kigharamie kama burudani, kwenye fungu la MC na muziki, usikihesabu kama picha za wageni.

Simu za wageni ndizo nafuu kuliko vyote, na zinaona vitu ambavyo hakuna wa kulipwa atakayeviona: jikoni alfajiri, ndani ya basi la ukoo, kule nyuma ndafu inapofunuliwa. Wengi huweka msimbo wa QR mezani ili picha zipandishwe kwenye hifadhi moja. Akaunti ya bure ya Google ina GB 15, zinazotosha maelfu ya picha za simu kama hutaruhusu video. Ila usitegemee watu wapandishe usiku uleule kwa bando lao na mtandao wa ukumbini. Chagueni kijana mmoja kila upande, azikusanye kesho yake, na azipokee WhatsApp kama dokumenti ili zisipunguzwe ubora.

Kwa shughuli za kina mama za pwani, iwe Unguja, Tanga au Mombasa, hesabu ni nyingine. Mlangoni simu zinazuiwa, ndani mabuibui yamevuliwa, na uhuru huo ndio raha ya shughuli. Hapo ni mpiga picha mwanamke au hakuna, na ada yake ikiwa juu kidogo, lipa. Lakini wengi huishia hapo bila kuuliza swali la pili: nani ataediti, na albamu itachapwa wapi? Picha zilizopigwa na mwanamke zikipelekwa studio ya wanaume, ulinzi wa mlangoni haujasaidia kitu. Mtake amalize kazi mwenyewe, na memori kadi ikabidhiwe bibi harusi au mama yake.

Hata kwenye ukumbi wa kawaida, andikeni nani anaruhusiwa kuposti. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019 na Tanzania ina ya taarifa binafsi ya 2022, na sura ya shangazi yako si tangazo la bure la biashara ya mtu.

Kwenye mkataba, dai picha za wageni ziletwe kwenye folda yake, zote zilizo safi, si zile arobaini zinazoingia kwenye albamu. Salio la mwisho lisubiri folda hiyo. Mpe mpiga picha wa pili binamu anayezijua koo zote mbili, atembee naye na kumnong'oneza: yule pale ndiye aliyemlea bwana harusi, mpige sasa hivi, anacheka. Wazee wapigwe kabla ya chakula, maana wengi wakishakula huaga mapema.