Maradhi ya Ulaji katika Jamii za Kiarabu: Yanayojificha Nyuma ya Saumu

Msichana wa Riyadh au Muscat mwenye anoreksia aghalabu haanzii kwa daktari wa akili. Mama yake humpeleka kliniki ya tumbo au ya wanawake, akilalamikia kujaa gesi, kizunguzungu au kukosa hedhi. Huenda asitamke kabisa kwamba anaogopa kunenepa. Vazi pana huficha mwili uliokonda. Kwa hiyo apimwe uzito, asikadiriwe kwa macho.

Saumu nayo humpa mgonjwa stara. Kumwuliza kama anafunga hakusaidii sana, kwani karibu kila mtu hufunga Ramadhani. Aulizwe anafuturu nini, kama huamka kula daku, na hujisikiaje mwezi unapokwisha. Anayeongeza saumu za sunna mfululizo, anayekwepa sinia la pamoja, au anayekwenda msalani kila amalizapo kula, anahitaji kuchunguzwa. Qurani yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na ni vyema familia ikumbushwe hilo mapema.

Mwaka 1986 Mervat Nasser alilinganisha wanafunzi wa kike wa Kiarabu wa London na Cairo kwa dodoso la mitazamo ya ulaji. Mitazamo isiyo ya kawaida ilikuwa mingi zaidi London, na visa vya bulimia vilipatikana huko tu. Dhana kwamba haya ni maradhi ya Wazungu haina nguvu tena: wagonjwa wameripotiwa Misri, Oman, Saudi Arabia na kwingineko. Dodoso lenye maswali 26 limekwisha tafsiriwa kwa Kiarabu, lakini alama 20 au zaidi huonyesha tu nani ahojiwe kwa kina. Haithibitishi ugonjwa.

Tangu 2013, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani hautaki tena hedhi ikatike ndipo anoreksia itambuliwe. Kwa hiyo msichana anayepata hedhi asirudishwe nyumbani kwa sababu hiyo, wala mvulana asisahauliwe.

Kujitapisha na dawa za kuharisha hushusha potasiamu, na moyo unaweza kusimama ghafla. Majibu ya damu yaliyo sawa yasimtulize mhudumu kupita kiasi. Mapigo ya moyo na shinikizo la damu vipimwe, naye mgonjwa akiwa amelala, kisha akisimama. Mama asitengwe, ila sehemu ya mahojiano ifanyike bila yeye kuwapo, pamoja na muuguzi wa kike ikibidi.