Pedi Ikizimika, Tazama Betri Kabla ya Kufungua Mkoba

MICHEZO ya video imekwisha kuwa burudani ya kawaida katika nyumba nyingi za mijini. Kishikio cha kuchezea, ambacho vijana hukiita pedi, aghalabu hakina waya tena. Nguvu yake hutoka katika betri. Hapo ndipo gharama zisizo za lazima huanzia. Pedi huzimika mchezo ukiwa umenoga, mtoto husema imekufa, na mzazi hupunguza fedha za matumizi ili anunue nyingine, kumbe ya kwanza ilihitaji umeme tu.

Ndugu mzazi, mtambo wenyewe hueleza hali ya betri, mradi uulizwe. Kwa PlayStation 4, bonyeza kitufe cha PS bila kukiachia. Kwa PlayStation 5, kibonyeze mara moja, kisha chagua alama ya vifaa katika mstari unaotokea chini ya kioo. Kwa Xbox, kitufe chenye nembo yake huleta alama ya betri. Kwa Nintendo Switch, fungua sehemu ya vidhibiti katika ukurasa wa mwanzo.

Alama isikudanganye

Alama hiyo ni makadirio tu. Betri ya lithiamu iliyojaa huwa na volti 4.2, hushuka hadi karibu 3.7 na kukaa hapo kwa muda mrefu, kisha huanguka ghafula. Kwa hiyo kijistari cha mwisho kisisubiriwe kiishe. Nayo pedi ya kawaida ya Xbox hutumia betri mbili za AA. Zile za kuchajiwa zina volti 1.2 badala ya 1.5, hivyo huweza kuonekana zimepungua ingawa zimejaa.

Kabla ya kuihukumu pedi, jaribu waya mwingine, kwani baadhi ya waya hukatika ndani. Pedi ya PlayStation ikichajiwa wakati mtambo umepumzishwa, taa yake huwaka na kufifia kwa rangi ya machungwa, kisha huzimika ikijaa. Ikiwa imejaa lakini haidumu, betri imezeeka. Fundi huweza kuibadilisha betri peke yake, pedi ikabaki ile ile.

Tahadhari

Betri iliyovimba isichajiwe, isitobolewe wala isitupwe motoni, huweza kulipuka. Betri za AA mpya zisichanganywe na kuukuu, maana zilizochakaa huvuja na kuharibu kifaa.

Somo hili linawahusu pia vijana wanaojipatia riziki kwa vibanda vya michezo. Kwao pedi iliyozimika ni mteja aliyeondoka. Wazitazame betri asubuhi kabla ya kufungua, na wachaji mapema umeme ungalipo.

Mtoto naye afundishwe kuitazama alama hiyo mwenyewe. Atakuwa amejifunza kutunza mali, na fedha ya nyumbani itabaki kwa mahitaji yaliyo makubwa zaidi.