Lenzi ya Milimita 50 na Taa Moja ya Sebuleni

Askari au polisi apatapo likizo fupi, mara nyingi hufika nyumbani jioni, jua limekwisha kuzama. Watoto humkusanyikia, chakula huandaliwa, na kabla ya watu kwenda kulala hakosi mmoja wa kusema: haya, tupige picha. Hapo ndipo kamera nyingi hushindwa. Taa ya sebuleni ni moja, mtoto mdogo hatulii, na picha hutoka ama ina giza, ama nyuso zimetikisika hazitambulikani, ama taa ya kamera imemulika vipaji vya nyuso na kuacha nyuma kiza kitupu. Kwa jamaa ambayo mmoja wa wazazi huwa kazini mbali kwa miezi mingi, picha hiyo ndiyo itakayotazamwa mpaka likizo nyingine. Yastahili kupigwa vema.

Tiba inayotajwa sana na wapiga picha ni lenzi ya milimita 50 yenye tundu pana, ambayo wao huiita lenzi ya kasi kwa kuwa huiruhusu shata kufunguka na kufunga upesi. Makala haya yanaipima moja ya namna hiyo, Canon RF 50mm F1.8 STM, iliyotolewa mwishoni mwa mwaka 2020 kwa ajili ya kamera zisizo na kioo cha ndani. Tumeichagua kwa sababu ya bei. Ilipotoka iliuzwa Marekani kwa dola 199, ilhali mwenzake wa Nikon, Nikkor Z 50mm f/1.8 S ya mwaka 2018, alitoka kwa dola 600 hivi. Hata hivyo dola 199 si kitu kidogo katika mshahara wa mwezi, na juu yake huja ushuru na faida ya muuzaji. Hapana budi kujua kwanza fedha hiyo inanunua nini.

Inanunua mwanga. Tuchukue kamera ndogo ya Canon EOS R50 ya mwaka 2023, ambayo aghalabu huuzwa pamoja na lenzi ya kuvuta ya milimita 18 hadi 45. Lenzi hiyo ikivutwa mpaka mwisho, tundu lake halifunguki kupita f/6.3. Namba hiyo ya f ni urefu wa fokasi uliogawanywa kwa kipenyo cha tundu. Kwa hiyo kadiri namba inavyopungua ndivyo tundu linavyopanuka. Lenzi ya kuvuta hapo ina tundu la milimita 7 tu, na lenzi yetu ya f/1.8 ina tundu la karibu milimita 28. Ukifanya hesabu, sensa hupata mwanga mara 12 zaidi. Pale ambapo lenzi ya kwanza yaidai shata ikae wazi sehemu moja ya kumi ya sekunde, ya pili hutosheka na 1/125. Katika sehemu ya kumi ya sekunde mtoto amekwisha geuza kichwa. Katika 1/125 bado anakutazama.

Kuhusu kamera zenyewe, maneno machache yatatosha. Zile za zamani zilikuwa na kioo kilichoupeleka mwanga kwenye jicho la mpigaji, kisha kikaruka juu wakati wa kupiga. Hizi mpya zimekiondoa. Mwanga huangukia sensa wakati wote, na sensa hiyo hiyo ndiyo inayotafuta fokasi. Lile tatizo la kale, mtu analenga jicho kisha sikio ndilo linalotoka wazi, limepungua sana, na kamera kama R50 hulitafuta jicho la mtu yenyewe.

Lenzi yenyewe ni nyepesi, gramu 160. Ndani mna vioo sita, kimoja kikiwa cha plastiki iliyofinyangwa kwa umbo maalumu ili kupunguza kasoro za picha. Mpangilio wake ni wa ukoo mkongwe: Paul Rudolph aliubuni katika kiwanda cha Carl Zeiss mjini Jena, Ujerumani, mwaka 1896, na lenzi nyingi za milimita 50 zilizofuata zimeuchukua humo. Nikkor tuliyoitaja ina vioo 12 na uzito wa gramu 415, na kwa ubora wa picha inaishinda hii ya Canon, hasa pembeni. Mwenye uwezo na mwenye kamera ya Nikon hatajuta. Lakini sura ya mama haikai kwenye pembe ya picha.

Wauzaji hupenda kuisifu lenzi ya namna hii kwa jambo jingine, nalo ni ule ukungu laini unaotokea nyuma ya mtu. Ni kweli hupendeza, lakini una gharama yake. Kwenye kamera yenye sensa kubwa ya milimita 36 kwa 24, ukisimama mita 1 kutoka kwa mtu na tundu likiwa f/1.8, sehemu iliyo wazi ina kina cha sentimita 4 tu. Jicho likiwa wazi, sikio tayari limeingia ukungu. Ukienda mita 2, kina hufika sentimita 17 hivi, chatosha mtu mmoja. Jamaa nzima iliyopangwa safu mbili yataka f/5.6 na umbali wa mita 3, na hapo tundu pana ulilolinunua halitumiki tena. Picha za namna hiyo zipigwe mchana barazani, kwenye kivuli.

Jambo ambalo wauzaji hulisahau ni ukubwa wa chumba. Milimita 50 huitwa lenzi ya kawaida kwa sababu ya ile sensa kubwa, iliyomo katika kamera kama EOS RP na R8. Sensa ya R50 na R10 ni ndogo, hukata kingo za picha, na lenzi hiyo hiyo huona kama ya milimita 80. Maana yake ni hii: ili mtu mzima aliyesimama aenee katika picha pamoja na nafasi kidogo juu na chini, mwenye sensa kubwa husimama karibu mita 3 kutoka kwake, bali mwenye sensa ndogo hurudi nyuma mita 4 na nusu. Nyumba nyingi za askari hazina chumba cha urefu huo. Mpigaji atajikuta uani akipiga picha kupitia mlangoni. Kwa mwenye kamera ndogo, maoni yetu ni kwamba lenzi hii ifanye kazi ya sura na kifua tu, au aiache na kujikusanyia fedha za RF 35mm F1.8 Macro IS STM ya mwaka 2018. Hiyo huona kama milimita 56 kwenye sensa ndogo, tundu lake ni lile lile, na ina kifaa cha kutuliza mtikisiko wa mkono. Hii ya milimita 50 haina kifaa hicho, wala kamera za R50, R10, RP na R8 hazinacho ndani yake.

Kasoro nyingine ni ndogo. Kwenye f/1.8 pembe za picha hufifia na kuwa na kiza, ingawa kamera yenyewe hurekebisha sehemu kubwa ya kiza hicho. Ukifunga mpaka f/4 uwazi wa pembeni hurudi. Haina kinga ya vumbi na maji, hivyo isibadilishwe juu ya pikipiki barabarani. Kifuniko cha kukinga jua hakimo katika sanduku.

Sasa kupima. Kabla ya kulipa, au siku ya kwanza kabla muda wa kurudisha bidhaa haujapita, chukua gazeti hili hili, ulifungue, ulibandike ukutani wima. Weka kamera juu ya meza imara ikielekeana sawasawa na ukuta, tumia saa ya kuchelewesha ya sekunde 2 ili mkono usiitikise, na upige kwanza kwa f/1.8, halafu kwa f/4. Kuza picha uzisome herufi. Katikati ziwe wazi tangu mwanzo. Pembeni zitakuwa hafifu kwa f/1.8, nalo si kosa. La kuangalia ni kama pembe zote nne zinafanana. Pembe moja ikizidi wenzake kwa ukungu, geuza kamera juu chini upige tena. Kama ukungu umehamia upande wa pili wa gazeti, kioo cha ndani kimekaa upande, irudishe. Kama umebaki pale pale, kamera haikuelekezwa sawasawa na ukuta, panga upya.

Anayenunua iliyotumika amulike tochi ya simu kupitia lenzi akiitazama upande wa pili. Vumbi kidogo halidhuru. Nyuzi kama za buibui ni kuvu, maradhi ya kawaida ya lenzi katika miji ya pwani na ya kando ya maziwa, na bei yoyote kwa lenzi hiyo ni ghali. Kadhalika, mwenye lenzi ya zamani ya Canon EF 50mm f/1.8, iwe ile ya mwaka 1990 yenye shingo ya plastiki au ya mwaka 2015, asikimbilie kununua mpya. Kiunganishi kiitwacho EF-EOS R huifunga kwenye kamera mpya nayo ikafanya kazi.

Katika kupiga, mweke mtu karibu na taa, taa ikiwa ubavuni mwake na si utosini. Nyuma kukiwa na ukuta mweupe, kamera hudanganyika na kuutia kiza uso mweusi. Ongeza mwanga kwa hatua moja kwenye kirekebisho kilichoandikwa alama ya kujumlisha na kutoa. Kofia ya sare ivuliwe au iinuliwe kidogo, maana hutia kivuli machoni. Lango la kambi, ghala na magari ya kazi yasiwe nyuma ya picha, hata ikisemwa kwamba ukungu utavificha. Ukungu wa lenzi hausitiri kitu. Taa za umeme wetu humetameta mara 100 kwa sekunde, hivyo picha ikitoka na mistari ya giza, rudisha shata kwenye 1/100.

Ukimaliza, usiifungie lenzi kabatini ndani ya mkoba wa ngozi. Itie katika kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vya chembechembe za kukausha vinavyokuja ndani ya viatu vipya.